Ripoti ya mwaka: Miss Kenya na modeli yetu

Wanachama wenzangu, salaam. Naanza na ile kazi iliyotumaliza mwaka mzima, yaani modeli ya ile ndege ya zamani iitwayo Miss Kenya, manake haya ya vikao na michango mweka hazina ashawatumia kwa simu na hesabu imekaa sawa.

Kwa waliojiunga juzi juzi, Miss Kenya ni ndege ya Kiingereza aina ya de Havilland DH.51, zilitengenezwa tatu tu duniani na hii ndo imebaki. Mlowezi rubani John Carberry aliileta kwa meli hapa Mombasa, ikaruka Kenya mwaka 1926, baadaye ikaandikishwa VP-KAA, ndege ya kwanza kabisa kwenye rejista ya nchi yetu. Mbao, waya na kitambaa basi, rubani nyuma, abiria mbele, upepo wote usoni.

Injini ndo ilitutoa jasho kuichonga. Ni Airdisco, silinda nane, nguvu za farasi 120, lakini bei yake ilikuwa juu na ndege ikakosa wanunuzi. Sasa mhandisi Frank Halford akaichukua injini hiyo hiyo akaifanya nusu, silinda nne, ikazaliwa injini ya Cirrus, na Cirrus ndo iliyoirusha ndege ndogo ya DH.60 Moth ya mwaka 1925, ile iliyoenea kila pembe. Hapa mimi nywele hunisimama kila nikihadithia.

Bawa la kwanza la modeli lilipinda jamani, plaiwudi tuliyouziwa ilikuwa haijakauka, tukabomoa tukaanza upya, miezi miwili ikaenda. Wale maseremala wetu wawili hawakudai hata nauli, nawashukuru sana.

Siku tuliyoipeleka modeli shuleni kuna mtoto alipitisha kidole taratibu kwenye zile herufi VP-KAA, akauliza, "Na yenyewe iko wapi?"

Iko Uingereza, uwanja wa Old Warden, kwenye makumbusho ya ndege za kale ya Shuttleworth Collection, ilirudishwa 1965 ikakarabatiwa mpaka ikaruka tena. Na huko huko ipo ndege ya mbio DH.88 Comet nyekundu, ambayo rubani Tom Campbell Black, aliyewahi yeye na wenzake kuimiliki Miss Kenya, alishinda nayo akiwa na C. W. A. Scott mbio za Uingereza mpaka Australia mwaka 1934. Ndege zake mbili, uwanja mmoja!

Modeli kwa sasa iko sebuleni kwangu, imefunikwa shuka, na hapo si mahali pake. Tunatafuta ukumbi ambao watoto wataingia bure waione. Mwenye nafasi au anayemjua mwenye nafasi anipigie, usiku mchana napokea.