Salio kwenye simu ni deni la nani?

Mhariri,

Wanaozipigia debe akaunti za kidijitali na fedha za tokeni (fedha zinazowakilishwa na rekodi ya kidijitali inayoweza kuhamishwa) husifia kasi: malipo ya sekunde chache, usiku na mchana, hata sikukuu. Sina ugomvi na kasi. Kinachonikera ni swali linalorukwa kila mara: zile tarakimu kwenye skrini, nani hasa ananidai au ninamdai nani?

Ukiweka amana, benki ina deni lako. Amana hiyo ikigeuzwa tokeni, deni linabaki la benki ileile. Sarafu thabiti ni deni la kampuni binafsi inayoahidi kukurudishia dola yako. Sand Dollar, sarafu ya kidijitali iliyozinduliwa Bahamas mwaka 2020, ni deni la benki kuu yenyewe. Kwenye simu zote zinafanana.

Tofauti hujitokeza mambo yakiharibika. Machi 2023, benki ya Marekani Silicon Valley Bank ilipoanguka, dola bilioni 3.3 za akiba ya sarafu thabiti ya USDC zilikuwa humo. Sarafu hiyo, inayopaswa kuwa sawa na dola moja, iliuzwa chini ya senti 90, ikapanda tena baada ya serikali ya Marekani kutangaza kuzilinda amana zote za benki hiyo.

Kisa cha Synapse kinaniuma zaidi. Kampuni hiyo ya Marekani haikuwa benki, ilisimama kati ya programu za simu na benki, ikitunza hesabu za nani ana kiasi gani. Ilifilisika Aprili 2024. Hesabu zake na za benki hazikulingana, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama alikadiria pengo la dola milioni 65 hadi 96. Watu walizuiwa kugusa akiba zao kwa miezi, ilhali waliaminishwa kwamba zina bima ya FDIC, shirika la serikali ya Marekani linalokinga amana za benki. Bima hiyo hulipa pale tu benki inapofilisika, na hakuna benki iliyofilisika! Mtu ameweka akiba kwa uaminifu, kisha anaambiwa hakuna anayejua fedha zake ziko wapi.

Tokeni peke yake haitibu hilo. Kumbukumbu zake zinaweza kuwa sahihi hadi senti ya mwisho na zisiseme lolote kuhusu akiba iliyowekwa nje ya mfumo.

Septemba 2024, FDIC ilipendekeza benki zilazimike kuwa na kumbukumbu za mmiliki halisi wa kila salio linalopitia mtu wa kati. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu sarafu za kidijitali, MiCA, inampa mwenye sarafu thabiti inayofungamana na fedha moja rasmi haki ya kuikomboa kwa thamani kamili wakati wowote. Naomba wasimamizi wa fedha kila mahali wafike hapo, kisha waongeze jambo moja: kabla mteja hajabonyeza "nakubali", aonyeshwe kwa lugha anayoielewa ni nani anayebeba deni lake, akiba iko benki gani na kwa jina la nani, na bima hulipa iwapo nani amefilisika. Huduma isiyoweza kujibu hayo isiruhusiwe kupokea fedha za watu.

Msomaji wako