Wakenya na Walao: tuulize kwanza walitokaje kwao

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyoichapa wiki iliyopita, iliyolinganisha hali za maisha za Wakenya na Walao, yaani watu wa Laos kule Asia, waliohamia Marekani. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Mwandishi anasema Walao ndio waliotangulia kufika kwa wingi na Wakenya wakaja nyuma yao, lakini leo Wakenya wana elimu kubwa zaidi na kazi za mshahara mzuri zaidi. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Ugomvi unaanzia pale alipotaja sababu: kwamba Mkenya ana bidii na Mlao ameridhika na kidogo. Halafu akawageukia vijana wetu wa Unguja na Pemba, akawaambia wachague wanataka kuwa watu wa aina gani.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha jiografia miaka 31, mingi katika hiyo hapa Wete. Mto Mekong nimeuchora ubaoni mara zisizo idadi, nikiwaonesha watoto unavyopita mpakani baina ya Laos na Thailand. Nilikuwa na miaka 61 nilipomwona kwa mara ya kwanza mtu aliyeuvuka usiku, mtoto mgongoni.

Ilikuwa mwaka 2018. Binti yangu alijifungua huko Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, nami nikaenda kumlea mzazi. Niliingia Oktoba nikatoka Machi, kwa hiyo baridi yao yote nimeila. Mji ule umejaa watu wa kuja: Waliberia, Wahmong, Walao, Wakenya. Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa muuguzi wa Kikenya, mtu wa Kisii. Ng'ambo ya njia ilikuwa nyumba ya Walao, na mbele ya nyumba hiyo, wiki niliyofika, nilimkuta bibi mmoja anahangaika kuingiza ndani ndoo za mchaichai kabla ya barafu.

Mchaichai! Nilivuka njia bila hata koti, nikakata jani nikalinusa, naye akanitazama akacheka. Kesho yake alimtuma mjukuu wake, msichana wa miaka 14, kuniletea fungu zima. Nikamrudishia kisahani cha maandazi. Basi ndivyo tulivyozoeana. Alinifundisha wanavyotwanga papai bichi kinuni kwa pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki waliochachushwa. Wali wao ni wa kunata, wanaufinyanga kwa vidole kutoka kwenye vikapu vilivyosukwa, na nilipokishika kimoja nikaona ni mkono wa mtu anayejua kazi, kama akina mama wetu wanavyosuka ukili. Hatukuwa na lugha moja. Mjukuu ndiye aliyekuwa akitutafsiria kwa Kiingereza, na kwa njia hiyo, jioni baada ya jioni, nikayapata maisha ya bibi yule.

Walikuwa wakulima wa mpunga. Baina ya 1964 na 1973, wakati wa vita vya Vietnam, ndege za Kimarekani ziliangusha juu ya Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, katika safari za ndege zaidi ya 580,000. Mabomu mengine hayakulipuka, na mpaka leo mtu analima na jembe linagonga chuma. Disemba 1975 wakomunisti wakaishika serikali, na katika miaka iliyofuata takriban mtu mmoja kati ya kumi aliikimbia nchi. Mume wa bibi alikuwa askari wa ngazi ya chini wa upande ulioshindwa. Walivuka 1978, wakakaa kambi ya Nong Khai upande wa Thailand miaka miwili, wakapelekwa Marekani. Bibi mwenyewe alikuwa amesoma madarasa matatu. Kiingereza hakujua hata neno la salamu. Hakuchagua mji, hakuchagua kazi, hata nchi hakuichagua. Palitajwa jina lake kwenye orodha akapanda ndege.

Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya 1980 mwanzoni iliruhusu msaada wa fedha wa hadi miezi 36. Mwaka 1982 ikawa miezi 18. Kufikia 1991 ikawa minane. Mkulima wa madarasa matatu, mwenye watoto wanne, ajifunze lugha, ajifunze ufundi, apate kazi, yote katika muda huo. Mimi nimesomesha watu wazima kusoma na kuandika katika kisomo cha usiku. Najua muda kama huo unafika wapi.

Basi bibi akaingia kiwanda cha nyama, akikata minofu kwenye ubaridi kwa miaka 22. Vidole vyake vimepinda, havikunjuki vyote. Nilipomshika mkono kuagana, nilimkumbuka marehemu mama yangu na vidole vyake vya kuchambua karafuu. Kwa hiyo mtu akiniandikia kwamba watu hawa "wameridhika na kidogo", naomba aje anioneshe hicho kidogo alichoridhika nacho mwanamke yule.

Nyumba waliyokaa ilikuwa yao, wameshamaliza kuilipia. Ndani mlikuwa na watu wanane, na watano walikuwa wanafanya kazi. Hapa kuna jambo ambalo mwandishi wenu amelipita mbio. Hesabu nyingi za hali ya watu huko huhesabu kipato cha nyumba nzima. Nyumba ya bibi, ukijumlisha mishahara mitano, inaonekana ina uwezo. Igawe kwa vichwa vinane utaona picha nyengine. Nyumba ya jirani yangu Mkenya ilikuwa na mishahara miwili na watu wanne. Huwezi kuziweka nyumba hizi mbili kwenye mizani kabla hujauliza nani wamo ndani na kila mmoja anakesha saa ngapi. Tena Wahmong nao wametoka Laos, lakini kule huhesabiwa peke yao. Asiyelijua hilo hujikuta anachanganya hesabu za watu wawili tofauti.

Sasa nije kwa huyu Mkenya, kwani naye makala haikumtendea haki, ingawa ilimsifu.

Wakenya walianza kwenda Marekani kwa wingi kidogo wakiwa wanafunzi. Kuanzia 1959 Tom Mboya alisimamia safari za ndege zilizopeleka mamia ya vijana wa Afrika Mashariki vyuoni huko. Baadaye ikaja bahati nasibu ya viza, iliyowekwa na sheria ya 1990 na kuanza kutumika 1995. Bahati nasibu ile ina sharti: uwe umemaliza sekondari, au uwe na uzoefu wa miaka miwili wa kazi inayohitaji mafunzo. Juu ya hapo lazima uwe na nauli, ada ya viza na uchunguzi wa daktari. Maana yake chekeche limeshafanya kazi yake Nairobi kabla mtu hajapanda ndege. Wanaofika ni waliosoma, na waliosoma kwa Kiingereza. Ndiyo maana miongoni mwa Wakenya wa kule wenye digrii ni wengi kuliko hata wastani wa Wamarekani wenyewe, na miongoni mwa Walao ni takriban mmoja kati ya watano. Mwandishi ameliona tunda, akasahau kwamba mche mmoja ulipandwa na mwengine uling'olewa.

Na bado Mkenya huyo hakupewa kitu bure. Jirani yangu alikuwa mwalimu kwao, mwenzangu wa chaki. Cheti chake cha ualimu kilikuwa ukutani kwenye fremu, na huko hakikumsaidia kitu. Alianza kwa kuwaosha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, usiku, akasoma uuguzi mchana. Aliniambia, "Mama, miaka minne sikuwa najua leo ni siku gani." Nilipomkuta alikuwa muuguzi kamili mwenye mshahara wa kueleweka. Lakini mshahara ule ulikuwa na wenyewe kabla haujaingia: karo za wadogo zake wawili, dawa za baba, mchango wa chama cha kuwekeana akiba kila mwezi, na kila akifa Mkenya mjini pale, harambee ya kusafirisha maiti. Mwezi wa Januari peke yake alichangia misiba mitatu. Kenya nzima ilipokea kutoka kwa watu wake walioko nje zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023, na sehemu kubwa kabisa ilitoka Marekani. Fedha hizo ni migongo ya watu kama yule mama. Kisii alikuwa amejenga nyumba ya vyumba sita, na Minnesota alikuwa mpangaji. Bibi wa Kilao, "maskini" wa makala yenu, alikuwa na nyumba yake na wajukuu wake wanamzunguka. Nani kati yao ana hali njema? Nilikaa nao miezi sita na sithubutu kujibu.

Mhariri, sisi Wapemba hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Watu wawili wanachuma shamba moja, siku moja. Mmoja anaanika, jua linamwakia siku nne mfululizo. Mwengine mvua inamkuta karafuu ziko jamvini usiku. Wakizipeleka kuuza, mmoja anapata daraja la kwanza, mwengine anaambiwa hizi zimeharibika. Hakuna hata mmoja hapa kwetu atakayesema yule wa pili hakuchuma.

Na nina ushahidi wa nyumbani. Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wa wale zaidi ya 2,000 waliovuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, baada ya tarehe 27 Januari 2001, siku polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha CUF. Alipanda mashua usiku na nguo alizovaa. Kilichokuwa mfukoni ni tasbihi na shilingi zisizofika elfu tatu. Kitambulisho alikiacha, cheti cha skuli alikiacha. Wengi wa wenzake walirejea mwaka ule ule, hasa mambo yalipotulia. Yeye hakurejea. Alibaki Mombasa miaka kumi na moja, akibeba magunia soko la Kongowea kuanzia saa tisa za usiku, bila karatasi, akimkwepa kila aliyevaa sare. Alirudi 2012 na mgongo mbovu.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ametoka kitongoji hicho hicho. Wamesoma chuo kimoja cha Qur'ani, wameoga mto mmoja. Yeye aliondoka 2006 na barua ya chuo kikuu, pasi ya kusafiria na sanduku lililofungwa na mama yake. Leo ni mhandisi. Mkwe wangu ni kijana wa bidii, namshuhudia. Lakini nikimweka na mdogo wangu, nikaulizwa nani kati yao alitoka jasho zaidi, Wallahi jibu langu si la kumpendeza mkwe. Akija mwandishi na daftari akaandika "Mpemba huyu amefanikiwa, yule ameshindwa", atakuwa ameandika kweli isiyo na maana.

Ninayoyaomba ni mawili. La kwanza, ofisi zetu zinazoshughulikia Wazanzibari walioko nje, kila zinapowaandikisha, zisiishie kuuliza kazi na kipato. Waulizwe waliondoka mwaka gani, kwa karatasi gani, wakiwa na elimu gani, na katika nyumba zao wanafanya kazi wangapi na wanalishwa wangapi, huko na hapa. Wako Wazanzibari Muscat, Dubai, London na Toronto, kila kundi limetoka kwa mlango wake. Tusipoyajua haya tutawasifu wachache na kuwasahau wale wanaohitaji mkono wetu.

La pili nalielekeza kwa wazazi wenzangu. Hapa Wete kila mwezi nasikia kijana au binti kalipiwa wakala akafanye kazi nje, hajui lugha ya kule aendako, hana ufundi, na pasi yake inashikwa na mtu mwengine siku anayofika. Baadhi yao nimewasomesha mimi. Fedha anayopewa wakala inatosha kumsomesha mtoto ufundi wa umeme au uuguzi msaidizi kwanza, kisha aondoke na cheti chake mwenyewe na pasi mkononi mwake. Wakenya tunaowasifu waliondoka hivyo. Kama makala ile ingeandika hilo, ningelikata na kulibandika ukuta wa skuli.

Mwandishi wenu namkaribisha Pemba. Simjui na simchukii, na kalamu yake ni nzuri. Mdogo wangu yupo Mtambwe, baada ya sala ya alasiri huwa barazani anashona nyavu za watu, kwani baharini haendi tena. Amekubali kusimulia safari ya Shimoni na miaka ya Kongowea, jambo ambalo hata sisi nduguze alitukatalia kwa muda mrefu. Chai ya mchaichai itakuwepo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba