Zimeni taa, tuone nyota

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye kambi za porini, maana kipupwe ndicho hiki na sisi tunaopenda kutazama nyota tumeshaanza kupakia mahema.

Mwaka jana mimi na shemeji yangu tulitoka Dar mpaka kambi moja upande wa Ruaha, magharibi ya Iringa. Kule ni nyanda za juu, hewa kavu, mvua ilishakatika tangu Mei. Pwani tulishajaribu, Saadani. Hewa ya bahari nzito, halafu ule usiku usio na mwezi tunaoutaka sisi ndio huohuo wanaoutaka wavuvi wa dagaa. Taa zao zilitapakaa baharini ungedhani kuna mji. Siwalaumu. Wao wanatafuta riziki, sisi tunatafuta Nge, lile kundi la nyota.

Basi tumefika kambini, chai imeiva, giza linaingia, tukasikia jenereta linaguruma. Taa nne nyeupe zikawaka juu ya nguzo, moja imelikodolea hema letu. Mlinzi akaniambia kwa upole, "Mzee, hizi ni za usalama, kuna tembo." Nikamuuliza huyo tembo atamwonaje, ikiwa mimi niliyesimama chini ya nguzo sikuliona hata gari langu lililokuwa kivulini. Akacheka.

Saa nne usiku mafuta yakaisha.

Macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza. Tukangoja. Nge alikuwa karibu na utosi, mkia wote na mwiba wake, ilhali kwangu Mbezi naambulia ile nyota nyekundu ya kifuani tu. Msalaba wa Kusini ulishalala ubavu. Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, ilikuwa nzito, na ile michirizi myeusi katikati yake shemeji akadhani ni mawingu, akaanza kulalamika. Mlinzi naye akaomba darubini yangu ya mkono, hakuirudisha upesi. Saa kumi alfajiri Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kimechomoza, tukahesabu nyota saba kwa macho matupu. Barazani kwangu nikiona nne nashukuru.

Sisemi mzime kila kitu. Taa ivishwe kofia ili mwanga uanguke chini, iwe ya manjano badala ya hiyo nyeupe kali, na ya njia ya chooni isizidi kimo cha goti. Kule Namibia, hifadhi ya NamibRand inatambuliwa kimataifa tangu 2012 kwa giza la anga lake, na wageni wanalifuata giza hilo kwa fedha zao. Kwetu mgeni anawashiwa jenereta, eti ndiyo huduma.

Sisi wageni nasi tuna makosa, tunamulikana na simu hovyo. Tochi yangu nimeifunga karatasi nyekundu ya zawadi, inatosha kabisa kutafutia viatu.

Na kwenye matangazo yenu, tafadhali andikeni jenereta linazimwa saa ngapi. Nikipiga simu, hilo ndilo nauliza kwanza, kabla ya bei.

Mtazama nyota,
Mbezi, Dar es Salaam