Mkiandika almasi msiishie kwenye karati

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila mkiandika pete ya uchumba ya mtu maarufu mnataja karati, karati ngapi, basi, hata siku moja sijaona mmeandika jiwe lenyewe limechongwa vipi. Na mimi nilivyoenda kubadilisha jiwe la pete yangu nilienda na hesabu hiyohiyo ya karati kichwani na iliniumiza, ndo maana naandika.

Pete yangu ya uchumba ilikuwa na kajiwe ka duara, karati 0.40. Baada ya miaka mingi ya ndoa mume wangu akasema sasa tuna uwezo kidogo, twende tukaweke kubwa. Sonara akatutolea la karati 1.50, kila sentensi yake ilikuwa moja na nusu, moja na nusu, na pale dukani chini ya zile taa kali za kwenye dari lilikuwa linatoa cheche huwezi kuamini, tukalipa. Kufika nyumbani kwenye mwanga wa kawaida jiwe lina giza katikati, pembeni limefifia, mimi nikanyamaza kwa sababu hela ilishatoka, mpaka siku moja nimekaa karibu na dirisha mume wangu ananiuliza taratibu, hivi lile dogo si lilikuwa linang'aa kuliko hili? Niliumia mhariri, kwa sababu alikuwa amesema kitu nilichokuwa nimeshakiona siku ya kwanza.

Nikatoa cheti cha lile jiwe nikaanza kusoma namba ambazo wakati wa kununua hakuna aliyenisomea. Upana milimita 7.1, kina asilimia 66 ya upana. Sasa almasi duara ya karati 1 iliyochongwa vizuri ina upana wa kama milimita 6.5, ya 1.50 inatakiwa ifike kama 7.4. La kwangu uzito wote ulikuwa umejificha chini tumboni, pia kwenye kiuno, yaani ule ukingo unaozunguka jiwe katikati, ambao ulikuwa mnene sana. Karati ni uzito tu jamani, karati moja ni gramu 0.2, haikuambii jiwe litaonekana kubwa kiasi gani kidoleni. Hata ukitoka karati 1 ukaenda 2 usitegemee upana mara mbili, unatoka 6.5 unafika kama 8.1 tu.

Na sio bahati mbaya kwamba yanachongwa hivo. Bei inaruka kwenye namba za kupendeza, 1.00, 1.50, 2.00, kwa hiyo mchongaji mwenye jiwe ambalo akilichonga kwa usahihi litatoka 1.35 anaona bora aliache nene lifike 1.50. Anayelipia huo unene ni mnunuzi aliyeingia dukani anatafuta namba, kama nilivyofanya mimi.

Kitu kinachofanya almasi iwake ni pembe. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga ukuta wa chini upande mmoja, unaruka upande wa pili, halafu unarudi juu kwenye jicho lako, na pembe zikikosewa kidogo unavujia chini unapotea. Chini kukichongwa kwenda kina sana katikati panakuwa peusi, ndo lilivyokuwa langu, kukichongwa bapa sana unaona duara la kijivu ndani kama jicho la samaki. Marcel Tolkowsky, mhandisi wa Ubelgiji kutoka familia ya wachongaji almasi, alipiga hesabu ya haya mambo mwaka 1919, akapata pembe ya juu digrii 34.5, ya chini 40.75, na ule uso bapa wa juu asilimia 53 ya upana. Sio lazima uzifuate kama zilivyo. Mimi mara ya pili nilitafuta pembe ya juu kati ya 34 na 35, ya chini kati ya 40.6 na 41, uso bapa 54 mpaka 58, na kina kisichozidi 62.5, ila zinaangaliwa kwa pamoja, juu ikisimama zaidi basi chini ilale kidogo, ukiwa na zote mbili zimesimama umerudi kwenye jiwe langu la giza. Almasi iwe ya mgodini au iliyotengenezwa maabara, hesabu ni ileile.

Cheti kikiandika mkato, yaani ubora wa uchongaji, ni Eksilenti usifunge mjadala hapo. GIA, taasisi ya Marekani inayopima almasi na kutoa vyeti, wanaweka daraja la mkato kwenye almasi duara tangu 2006 na limesaidia sana, lakini hilo daraja la juu ni pana, mawe mawili yote yameandikwa Eksilenti ukiyaweka pamoja moja linakuvuta na lingine limelala tu. Omba jiwe liondolewe chini ya zile taa za dukani, lisogeze sehemu yenye mwanga laini, liweke hata kwenye kivuli cha mwili wako, ligeuze taratibu. Zuri linaendelea kucheza, vipande vyeupe na vyeusi vinapokezana bila sehemu yoyote kukwama kwenye giza. Na kabla ya kulihukumu lisafishwe, almasi inanasa mafuta ya mikono haraka mno, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha kabisa.

Lile la 1.50 tulilirudisha na tulikatwa hela, sitaki kulikumbuka sana. Nililonalo sasa ni karati 1.33, rangi nimeshuka kutoka F mpaka H (herufi zinaanzia D isiyo na rangi, kadiri zinavyoshuka unjano unaongezeka) na kwa macho yangu kidoleni sioni huo unjano, vidoa vyake vya ndani mpaka uvitafute kwa lenzi. Upana wake? Milimita 7.1, sawasawa na lile la 1.50! Kale kajiwe ka 0.40 nimekaweka kwenye kidani maana kenyewe hakakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo, mkiandika tena pete ya mtu, karibu na karati wekeni upana kwa milimita na daraja la mkato, na kama pembe zinapatikana wekeni pia, kuna mtu wiki hiyohiyo yuko njiani kwenda kwa sonara na gazeti lenu liko mkononi.

Msomaji wenu wa siku zote