YAH: MALALAMIKO KUHUSU SWICHI YA POTI 24 ISIYOTIMIZA YALIYOANDIKWA KWENYE BOKSI LAKE

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa mtandao katika kampuni iliyonunua kwenu swichi ya poti 24, yaani kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa kebo, ile mnayoitangaza kuwa ni ya biashara na yenye usimamizi kamili. Dawati lenu la msaada limenizungusha vya kutosha. Naomba barua hii ifike kwa mtu anayeelewa mambo ya PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, na nisijibiwe tena kwa ujumbe ulioandaliwa kabla swali halijasomwa.

Tatizo lenyewe ni hili. Giza likiingia, kamera mbili za ulinzi zinazimika: ya lango la nyuma na ya mlango wa ghala. Kukipambazuka zinawaka zenyewe. Yaani saa ambazo tunazihitaji zaidi ndizo saa ambazo hazioni kitu. Dawati lenu lilisema nibadilishe kebo, nikabadilisha. Likasema kamera ni mbovu. Nikazihamishia poti za mwanzo, zikakesha bila kuzima, na zile nilizozichomeka mahali pake kwenye poti za 23 na 24 ndizo zikazima usiku huo. Kamera ni nzima na kebo ni nzima.

Jibu nililipata kwenye ukurasa wa usimamizi wa swichi yenyewe, unaoonyesha kila poti inavuta wati ngapi. Mchana kamera moja inavuta wati 5 hivi. Usiku taa zake za infraredi, za kuonea gizani, zikiwaka, inafika wati 11. Tuna kamera 14, vifaa 3 vya Wi-Fi vinavyovuta wati 14 kila kimoja, na simu 7 za mezani za wati 2. Jumlisha: mchana ni wati 126, usiku ni wati 210. Swichi yenu ina wati 190 tu za kugawa kwa poti zote. Zikizidi, inakata umeme kuanzia poti za mwisho hadi mzigo ushuke.

Sasa tazameni boksi. Limeandikwa kwa herufi kubwa: poti 24 za PoE+ (PoE yenye nguvu zaidi), wati 30 kwa kila poti. Mnunuzi yeyote akizidisha anapata wati 720. Hizo 190 hazimo kwenye boksi wala kwenye ukurasa wa bidhaa, zimo ndani ya waraka wa kiufundi ambao mtu huufungua akiwa ameshanunua. Kwa wati 190, poti zinazoweza kupewa wati 30 kwa wakati mmoja ni 6. Najua swichi nyingi za ukubwa huu hazilishi poti zote kwa kiwango cha juu, na sioni ubaya wa hilo, kwa sababu ni nadra ofisi kuhitaji umeme wote huo kwa pamoja. Ila jumla ya wati ndiyo namba ya kwanza anayoitafuta mtu mwenye kamera za kulisha. Kuificha na kuweka mbele wati 30 ni kumpotosha mteja. Hizo wati 30 ni ukomo uliowekwa na kiwango cha 802.3at cha mwaka 2009 kwa poti moja. Hazisemi lolote kuhusu uwezo wa kifaa chenu kwa jumla.

Kipeperushi chenu kinaahidi pia kwamba msimamizi anaweza kupanga kipaumbele cha umeme kwa kila poti. Ningekuwa nacho, ningeamuru swichi ikate kwanza simu za ofisini na kifaa kimoja cha Wi-Fi, ambavyo usiku havina mtu, na kamera zote zingebaki hewani. Nilipoingia kwenye menyu nikakuta kipengele hicho kimefifia, na chini yake maneno kwamba kinahitaji leseni ya kulipia kila mwaka. Kipeperushi hakitaji leseni popote.

SNMP, njia ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao kutoka mbali, nayo ni hivyo hivyo. Tuliponunua, toleo la 3 lilikuwepo na tulilitumia kufuatilia swichi kutoka kwenye seva yetu. Baada ya kusasisha programu ya ndani ya swichi, kama mlivyotuagiza wenyewe kwa sababu za usalama, toleo hilo limehamia kwenye leseni ile ile na tumebakiwa na toleo la zamani la 2c. Mnajua vizuri kwamba 2c hupitisha neno lake la siri waziwazi mtandaoni, na kwamba toleo la 3 ndilo lenye uthibitisho na usimbaji. Sasisho la usalama limetuacha na usalama pungufu, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Hata VLAN 4094 zilizoandikwa kwenye boksi, yaani sehemu za mtandao zinazotengwa ndani ya swichi ile ile, ni upana wa namba unaoruhusiwa na kiwango cha 802.1Q. Swichi yenu inakubali VLAN 128 kwa wakati mmoja. Kwetu zinatosha na kusaza, ila tabia ni ile ile ya kuandika ukomo wa kiwango mahali pa uwezo wa kifaa.

Nisiwanyime haki yenu: kutenganisha kamera, simu na kompyuta kwa VLAN kunafanya kazi barabara. Na siku mtu alipochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi, RSTP, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho mtandaoni, ilifunga poti moja mara hiyo hiyo na ofisi haikutetereka. Mafundi wenu wameunda kifaa kizuri.

Ninachodai ni hiki. Mtubadilishie swichi hii kwa yenye wati 370, ambayo mnayo kwenye orodha yenu ya bidhaa, bila malipo ya ziada, au mturudishie fedha yote. Mrudishe SNMP toleo la 3 na kipaumbele cha umeme bila leseni kwa kila aliyenunua kabla ya sasisho lile. Na jumla ya wati iandikwe kwenye boksi, kando ya wati za kila poti, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya boksi, na picha za ukurasa wa umeme zilizopigwa mchana na usiku. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka nakala ya barua hii kwa mamlaka inayolinda watumiaji wa bidhaa.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mtandao