Barua kwa mwanangu: kabla hujafungua oda

Mwanangu,

Umesema unataka kuanza forex, biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, kwa dola 500. Sikukatazi. Ila vijana wengi huhangaika na mishumaa (alama za bei) na mistari kwenye chati, wakati kinachounguza akaunti ni ukubwa wa oda, yaani wa kila dau la kununua au kuuza.

Piga hesabu hivi. Kila oda isikugharimu zaidi ya asilimia 1 ya mtaji, yaani dola 5. Kisha tazama chati: bei ikifika wapi utajua wazo lako lilikuwa baya? Tuseme ni pipsi 25 kutoka ulipoingia; pipsi ni hatua ndogo ya bei, na loti ni kipimo cha ukubwa wa oda. Kwenye euro na dola, loti 0.01 ni senti 10 kwa kila pipsi, kwa hiyo loti 0.02 inakufikisha kwenye dola 5 zako. Broka, yaani wakala anayekuingiza sokoni, mwenye leveraji ya 1:500 (unashika oda ya hadi mara 500 ya fedha unayoweka dhamana) atakuruhusu kufungua hata loti 0.50. Ukikubali, pipsi 25 zilezile zitakula dola 125, na oda nne mbaya zitakumaliza. Na kurudi juu ni kugumu kuliko kushuka: ukipoteza nusu ya mtaji, unahitaji faida ya asilimia 100 kurejea ulipokuwa.

Ukishaweka stop losi, yaani agizo la kufunga oda bei ikifika pale wazo lako lilipokuwa baya, usiisogeze. Bei inapoikaribia moyo hukwambia "itarudi", nawe hapo unasikiliza maumivu tu, kwa sababu sababu za kuingia ulizimaliza kuzipima mapema. Hata hivyo stop losi nayo si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Bei iliruka, oda zikafungwa mbali mno na zilipowekwa, na wapo walioamka wanadaiwa na mabroka wao. Kwa siku kama ile kinga ni udogo wa oda.

Fedha za ndugu nazo zina hesabu hiyohiyo. Binamu akikuomba laki 3, usihangaike kubashiri kama atalipa. Jiulize ni kiasi gani kikipotea bado mtakaa mkeka mmoja msibani bila kununiana. Kama ni elfu 50, mpe elfu 50 na usimdai. Udhamini wa SACCOS ndio usiseme: asipolipa, akiba yako ndiyo inayokatwa. Kiwango chako kijue kabla simu haijalia, maana ukishasikia sauti ya mtu mwenye shida hesabu hukimbia.

Fedha ya shangazi usiichukue kumfanyia biashara. Kwanza, kusimamia fedha za watu kunataka leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, CMSA kwa Tanzania au CMA kwa Kenya. Pili, hasara yake ataiita wizi. Na anayekuahidi asilimia 30 kila mwezi mpigie hesabu: milioni 1 ingezidi milioni 23 kwa mwaka. Mwenye uwezo huo ana shida gani na kamilioni ka shangazi?

Lakini wapo wanaoibeba "kata hasara mapema" mpaka kwenye ndoa, na hapo sikubaliani nao. Soko halijui kama upo. Euro haitapanda kwa sababu umeisubiri kwa upole, ila mtu hubadilika kwa jinsi unavyomtendea. Ugomvi wa wiki mbili si sababu ya kufunga oda. Kipigo ni jambo jingine, hicho hakina kusubiri.

Nyumbani peleka uwazi. Mkeo ajue kiasi kabla hujakiweka. Hasara iliyofichwa humfanya mtu aongeze loti ili airudishe kabla haijajulikana, na akaunti inaweza kuungua usiku mmoja kwa njia hiyo. Andika kwenye daftari kila oda: tarehe, sababu ya kuingia, stop losi, loti, matokeo. Lisome na mkeo Jumamosi, soko likiwa limefungwa.

Mama yako