Pai sio 22/7 jamani

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mwanangu wa form two karudi na daftari limeandikwa pai (mzingo wa duara ukigawanya kwa kipenyo chake) ni sawasawa na 22/7, sio kweli, 22/7 ni 3.142857 halafu inajirudia, pai ni 3.14159 na kuendelea, haiishi wala haijirudii, hiyo 22/7 ni makadirio tu. Jioni tukatafuta kwa mkono namba nyingine ya aina hiyo, kipeuo cha pili cha 2, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2, 1.4 mara 1.4 ni 1.96 haijafika, 1.5 mara 1.5 ni 2.25 imezidi, tukabana katikati, 1.41 inatoa 1.9881 na 1.42 inatoa 2.0164. Akachora mraba wenye upande wa sentimita 10, akapima kona hadi kona ya mkabala, urefu ambao ni upande mara kipeuo cha pili cha 2, rula ikasoma 14.1, yaani 10 mara 1.41 yetu, alivyoruka! Walimu wetu, waonyesheni wanafunzi hivi kabla hawajashika kalkuleta.

Mzazi, Morogoro